Kunguru, Kipanga na Mji: Historia ya Anga la Unguja

David Livingstone alifika Unguja Januari 1866 kujiandaa na safari yake ya mwisho ya bara. Alikaa hadi Machi, na muda wote huo pua yake haikupumzika. Taka za mji mzima zilimwagwa ufukweni, maji yakikupwa zinabaki, na harufu ikapanda hadi vyumba vya ghorofani. Livingstone alikereka hata akaupachika mji jina la kejeli lililotokana na uvundo wake. Miaka mitatu baadaye, mwishoni mwa 1869, kipindupindu kikaingia na kuua maelfu ya watu. Daktari James Christie, Mskoti aliyekuwa akitibu wagonjwa mjini, alifuatilia njia za ugonjwa huo na kuandika kitabu kilichochapishwa mwaka 1876. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijitahidi kwa upande wake: akavuta maji safi kwa mabomba kutoka Chemchem, watu wakaacha kutegemea visima vya mjini peke yake. Maji yakapatikana. Taka zikabaki pale pale.

Novemba 1890 Unguja na Pemba zikawekwa chini ya himaya ya Uingereza, na suala la taka likawa mezani kwa maofisa wapya. Wengi wao walikuwa wamepitia India, na huko walimzoea ndege mmoja anayeishi na watu mjini kama mpangaji: kunguru mdogo, mweusi, mwenye shingo ya rangi ya kijivu, asiyechagua chakula. Kuanzia machinjioni, sokoni, jalalani hadi mlangoni mwa jiko, hakuna kinachomshinda. Basi karibu mwaka 1891 kunguru hao wakaletwa Unguja kwa meli kutoka India, wawe wazoa taka wasiolipwa mshahara.

Ndege hao hawakuwa wengi. Mji ulikuwa na kila kitu walichokitaka: matumbo ya samaki, mizoga, maganda ya matunda, na miti mikubwa ya kulalia. Hawakuwa na maadui wa kwao wala magonjwa ya kwao. Kufikia mwaka 1904, lilipofunguliwa soko la Darajani, kunguru wa Kihindi alikuwa mwenyeji tayari. Taka hakuzimaliza, kwa sababu mji ulizizalisha haraka kuliko alivyoweza kuzila. Akageukia vingine: vifaranga vya kuku, mayai, nafaka zilizoanikwa, na makinda ya ndege wadogo viotani. Mwaka 1917 serikali ile ile iliyomleta ikamtangaza kuwa mharibifu, na msako ukaanza. Ilikuwa kazi bure. Wahenga walishasema kunguru hafugiki, na Waingereza wa Unguja wakagundua kwamba hata kufukuzika ni vigumu.

Kutoka Unguja akavuka bahari. Mwaka 1947 alionekana Mombasa, na baadaye kidogo Dar es Salaam. Leo yuko pwani yote ya Afrika Mashariki, na amejipandia meli mwenyewe hadi bandari nyingi za Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu.

Waliokuwa juu wakashushwa

Historia ya kunguru husimuliwa kwa kawaida kama kisa cha taka. Upande wake wa pili ni wa anga. Unguja ina ndege wake wawindaji: kipanga anayepita chini kwa chini kati ya mikarafuu na miembe akivizia ndege wadogo, mwewe anayeelea juu ya masoko na fukwe, ambaye kila mama mwenye kuku anamjua na kila mtoto wa shamba amewahi kumpigia makelele, na bundi wanaolala mchana kwenye magofu na minazi, usiku wakala panya. Wawili kati ya watu waliowaandika kwa makini walikuwa watumishi wa serikali. Wa kwanza ni J. H. Vaughan, mwanasheria wa serikali aliyechapisha orodha ya ndege wa Unguja na Pemba mwishoni mwa miaka ya 1920. Wa pili ni R. H. W. Pakenham, ofisa wa utawala ambaye mwaka 1937 alimtambulisha kwa wanasayansi bundi mdogo wa Pemba asiyepatikana kwingine kokote duniani. Orodha kamili ya Pakenham ilitoka mwaka 1979.

Katika miaka hiyo hiyo ya Vaughan, mwaka 1925, lilifunguliwa Mnazi Mmoja jumba la makumbusho la Beit al-Amani, lenye kuba nyeupe lililochorwa na J. H. Sinclair. Humo walikusanywa wanyama na ndege wa visiwa waliokaushwa, pamoja na mifupa ya dodo, ndege wa Mauritius aliyetoweka karne ya 17. Mwindaji wa angani aliyekaushwa ni rahisi kumtunza. Aliye hai ana shida na majirani zake.

Jirani mkubwa ni kunguru. Kunguru mmoja hamwezi kipanga, lakini kunguru hatembei mmoja. Akimwona kipanga au mwewe ametua, hulia mlio wa tahadhari, na kabla hujahesabu kumi wamekusanyika wengine. Mmoja anamchokoza mbele, mwingine anamdonoa mkiani, wa tatu anampitia juu ya kichwa. Mwindaji huyo hana budi kuondoka, na akiondoka wanamsindikiza mtaa mzima. Kumbughudhi mwindaji ni tabia ya ndege wengi, na kwa kawaida haidhuru. Mjini, penye kunguru kila paa, haina mapumziko. Kiota kikiachwa kidogo tu, mayai yameliwa. Bundi mchanga akianguka kiotani alfajiri, jua likichomoza kunguru wameshamfikia. Hata kunguru wa asili, yule mkubwa mwenye kifua cheupe, alisukumwa nje ya mji na mgeni huyu.

Jirani wa pili ni binadamu, na hasa khofu yake. Bundi akilia juu ya paa Unguja, wako watakaosema ametumwa, wako watakaosema anatangaza msiba, na wako watakaookota jiwe. Ndege anayekula panya kila usiku bila malipo anafukuzwa kama mwizi. Wengi wa bundi wanaookotwa wamevunjika bawa hawakuumizwa na mnyama mwenzao: wamepigwa mawe, wamegongwa na gari, au wamenaswa kwenye nyavu na waya.

Sumu iliyochaguliwa kwa kumfikiria mwewe

Miaka ya mwanzo ya 1990 Zanzibar ilirudi tena kwenye vita na kunguru, safari hii kwa mpango wa kitaalamu zaidi, chini ya ushauri wa Tony Archer kutoka Kenya. Silaha moja ilikuwa tundu. Ni banda la waya lenye ukubwa wa chumba kidogo, juu lina mlango wa kuingilia ambao ndege akishukia ndani hawezi kutokea. Ndani huwekwa kunguru wachache walio hai, wakapewa maji, chakula na kivuli, kwa sababu chambo aliyenyong'onyea haiti mtu. Kunguru wa nje akiona wenzake wanakula kwa raha, anaingia. Tundu likijaa, wanatolewa wote isipokuwa chambo. Ubaya wake ni kwamba kunguru ana akili: akishaona wenzake wanaondolewa mahali fulani, hupahama.

Silaha nyingine katika vita hivi, iliyotumika sana pwani ya Kenya na Tanzania, ni sumu iliyobuniwa Marekani miaka ya 1960 kwa ajili ya kwenzi waharibifu. Ilipendwa kwa sababu mbili. Kwanza, huua taratibu, kunguru akafia mahali anapolala na wenzake wasihusishe kifo chake na nyama aliyokula. Pili, mwili wa kunguru huivunja sumu hiyo kabla hajafa, kwa hiyo mwewe au paka anayekula mzoga wake hadhuriki kama angedhurika kwa sumu nyingine. Hapo ndipo ndege wawindaji walipoingia kwenye hesabu: sumu ilichaguliwa pia kwa kumfikiria mwewe.

Dar es Salaam nayo ilifanya kampeni kubwa kuanzia 2010, na mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya likatangaza kwamba linataka kupunguza kunguru milioni 1. Somo la kampeni zote ni moja. Idadi hushuka, fedha zikiisha kazi husimama, na baada ya miaka michache kunguru wamejaa tena kwa sababu taka zimebaki. Mahali palipofanikiwa kumaliza kabisa ni kisiwa cha Socotra, ambako wa mwisho aliondolewa mwaka 2009. Huko walianza wakiwa wachache, watoto wa vijijini wakashirikishwa kutafuta makinda, na kazi haikuachwa njiani.

Tiba ya kozi, kutoka Uarabuni hadi Naivasha

Kumpunguza kunguru ni njia moja ya kumlinda mwindaji. Njia nyingine ni kumwokota aliyeumia, kumtibu na kumrudisha porini. Elimu hiyo ni ya kale, na ilizaliwa kwa wafuga kozi. Karne ya 8, al-Ghitrif bin Qudama al-Ghassani, mwangalizi wa kozi wa makhalifa, aliandika kwa Kiarabu juu ya kuwafunza na kuwatibu. Elimu ya Waarabu ikavuka hadi Ulaya, kwa Mfalme Frederick II, katika karne ya 13. Huko Ghuba haikukatika: mwaka 1995 Abu Dhabi ilianzisha mpango wa kuwarudisha porini kozi waliokuwa wakitumika kuwinda, kwa jina la Sheikh Zayed, na mwaka 1999 ikafungua hospitali ya kozi ambayo sasa ni kubwa kuliko zote duniani.

Msomaji wa Unguja asiione hiyo kuwa habari ya mbali. Kisiwani Fahal, karibu na Maskati, hutaga kozi mmoja mdogo wa rangi ya masizi. Wanasayansi waliwavalisha kozi hao vifaa vya kufuatilia kwa setilaiti na kuwaona wakipita Afrika Mashariki kuelekea Madagascar. Kozi wa Amur naye hutoka kaskazini mwa China na Siberia, akapitia India, kisha mwezi Novemba huvuka bahari moja kwa moja hadi Afrika akisukumwa na kaskazi, upepo ule ule ulioleta majahazi Unguja kwa karne nyingi. Mwaka 2012 ilibainika kwamba wananaswa kwa maelfu mengi Nagaland, India, wakauzwa kwa nyama. Kelele zikapigwa, wanavijiji, makanisa na serikali wakakaa pamoja, na msimu uliofuata mauaji yakakoma. Mabadiliko ya tabia ya watu huonekana kana kwamba yanahitaji kizazi kizima, lakini pale yalichukua mwaka mmoja.

Katika Afrika Mashariki utabibu huu ulijengwa zaidi Kenya. Leslie Brown, ofisa wa kilimo aliyekufa mwaka 1980, ndiye aliyewafundisha wengi kuwachunguza tai kwa uvumilivu: alikaa miaka mingi akitazama viota vya kilima kimoja huko Embu. Baada yake akaja Simon Thomsett, aliyeanza kutunza tai na vipanga waliojeruhiwa akiwa kijana na hajaacha hadi leo. Kutokana na juhudi hizo ikazaliwa taasisi ya Kenya Bird of Prey Trust, yenye vituo Naivasha na Soysambu, ambako Shiv Kapila na wenzake hupokea ndege kutoka pembe zote za nchi.

Wagonjwa wao wanasimulia mambo ya nchi. Yupo aliyekula mzoga uliotiwa dawa ya wadudu na mfugaji aliyekuwa akimtafuta simba. Yupo aliyekaa juu ya nguzo ya umeme ya chuma, bawa likagusa waya na mguu ukawa kwenye chuma, umeme ukapita. Yupo aliyechukuliwa kiotani akafugwa kwa kamba. Yupo aliyegongwa na lori akila panya barabarani.

Tiba yenyewe si ya haraka. Mgonjwa aliyefika akiwa amekonda hapewi nyama siku ya kwanza, kwa sababu tumbo lililolala njaa muda mrefu likijazwa ghafla huua. Huanzishiwa maji yenye chumvi na sukari, kisha vipande vidogo, kisha panya mzima na manyoya na mifupa yake. Manyoya hayo ni ya lazima: mwindaji huyakusanya tumboni na kuyatapika asubuhi kama donge kavu, na mtunzaji hulifungua donge kuona kama mmeng'enyo umerudi sawa. Nyama tupu ya buchani, kwa siku nyingi, humlemaza.

Kisha yapo manyoya ya kuruka. Bawa la kipanga lina manyoya makubwa 10 ya mwishoni, na ndege akijipigiza kwenye waya za tundu huyakata. Angesubiri yaote mapya, angekaa kifungoni miezi mingi. Mtunzaji hufanya kazi ya wafuga kozi wa kale: hukata unyoya uliovunjika ubaki kisiki, akatafuta unyoya wa ndege wa aina ile ile, bawa lile lile, nafasi ile ile, uliohifadhiwa kutoka kwa ndege aliyekufa au aliyepukutisha. Huchonga kijiti chembamba cha mwanzi, nusu akakiingiza kwenye unyoya mpya na nusu kwenye tundu la kisiki, akatia gundi, akaupima ukae kwa pembe ile ile ya jirani yake. Akikosea kidogo, ndege huruka upande. Baada ya hapo huanza mazoezi ya kamba ndefu, kuruka kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, mpaka kifua kijae misuli.

Jambo linaloogopwa kuliko jeraha ni mazoea. Kinda aliyekuzwa kwa mkono hujiona mtu. Akiachiwa hurudi kwa watu kuomba chakula, na mtu wa kwanza asiyemjua humpiga. Ndiyo maana makinda hulishwa kwa kujificha, na ikiwezekana hurudishwa kiotani siku ile ile.

Watunzaji hao ndio wa kwanza kusema kwamba kazi yao peke yake haitoshi. Utafiti wa mwaka 2022 ulioongozwa na Darcy Ogada ulilinganisha hesabu za barabarani za miaka ya 1970 na za 2003 hadi 2020 nchini Kenya: kati ya aina 22 za ndege wawindaji, 19 zilikuwa zimepungua. Mwaka 2024 utafiti mwingine uliangalia aina 42 za Afrika na kukuta asilimia 88 zimepungua. Kwa kasi hiyo, kumwachia mmoja aliyepona kwenye nguzo ile ile iliyomuunguza ni kumchelewesha tu.

Unguja ina mfano wake

Wapo watakaosema mambo hayo ni ya Wakenya na ya matajiri wa Ghuba. Unguja haina haja ya kuazima mfano. Nungwi, karibu na mnara wa taa, tangu 1993 wanakijiji wamekuwa wakitunza kasa katika bwawa la asili la matumbawe linalojazwa na maji ya bahari. Mvuvi aliyenasa kasa kwenye wavu, badala ya kumchinja, alimpeleka bwawani, akatibiwa, akalishwa mwani, na kila mwaka wakaachiwa baharini. Kilichofanya kazi pale ni kumgeuza mvuvi, aliyekuwa wa kwanza kumdhuru kasa, kuwa wa kwanza kumwokoa.

Pemba ina mfano mkubwa zaidi. Popo wa Pemba, popo mkubwa anayekula matunda, alikuwa akiwindwa na kuliwa hadi mwaka 1996 akawekwa miongoni mwa wanyama walio hatarini kabisa. Vikundi vya vijiji vikaundwa kumlinda, Kidike ikiwa maarufu zaidi, na idadi ikapanda kwa maelfu hata daraja lake la hatari likashushwa. Popo ni mnyama wa usiku, wa kuogopwa, wa kuzungumzwa kwa minong'ono. Ikiwa watu wa Pemba waliweza kumpenda popo, bundi hana sababu ya kukosa wa kumtetea.

Sheria nayo ipo: sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 inawapa wanyamapori ulinzi, na ofisi za Idara ya Misitu ziko Maruhubi, mwendo mfupi kutoka mjini. Lisilokuwepo ni mazoea ya kuokota badala ya kurusha jiwe, na mji unaozoa taka zake kila siku ili kunguru wapungue wenyewe. Hilo la pili ndilo lenye uzito. Kila tundu la waya, kila sumu, kila kliniki itakayofunguliwa kesho, itashindana na jalala. Kunguru analishwa na mji. Mji ukiacha kumlisha, kipanga na bundi watakuwa na nafasi ya kutagia.

Mpaka hapo, anayemkuta bundi au kipanga ameanguka ana mambo machache ya kufanya. Amfunike kwa taulo au kanga kuanzia kichwani, kwa sababu giza humtuliza. Aikamate miguu kwanza, maana silaha ya ndege huyu ni kucha kuliko mdomo. Amweke kwenye boksi la karatasi lenye matundu, si tundu la waya litakalomkata manyoya. Asimmiminie maji mdomoni wala kumpa mkate. Awafukuze kunguru na watoto, ampigie simu ofisa wa misitu au daktari wa mifugo siku ile ile, na akumbuke mahali hasa alipomwokota. Akipona, hapo ndipo anaporudishwa: kipanga asubuhi, bundi jioni.